Ganzi ya Kamanda

4 Machi

Wifi Kamanda,

Yah: Kukatwa kinyama

Salamu nitazitoa mwisho, maana jambo lenyewe linaniwasha. Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ikilia tu hapa nyumbani, mume wangu huidaka na kusoma ujumbe kwa sauti, na wiki hii tuna mafundi wa rangi sebuleni. Hili si la mafundi wa rangi. Dereva wa gari la magazeti, anayepita getini kwenu shuleni, amekubali kuwa tarishi wetu. Bahasha nimeipaka gundi kisha nikaishona kwa uzi, akiifungua nitajua.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya akina mama kupimwa mlango wa kizazi. Wakanipaka siki ya kuonyesha madoa, muuguzi akachungulia, akanyamaza. Sisi watu wa masijala tunajua mtu akinyamaza mbele ya faili kuna jambo. Nikamwuliza kulikoni. Akasema kuna baka jeupe, huenda si kitu, lakini lazima wakate kinyama kidogo kikapimwe. Nimepangiwa tarehe 19, hospitali ya rufaa, chumba namba sita.

Wifi, naogopa. Majibu nayaogopa, lakini chuma chao nakiogopa zaidi. Mimi ni mtu wa kukatwa na ukingo wa karatasi nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe ulifanyiwa kipimo hiki hiki mwaka jana, chumba hicho hicho. Mume wangu, huyo mdogo wako, hadi leo anawasimulia wageni jinsi ulivyoimba kitandani mpaka daktari akaitikia, na jinsi ulivyomvulia viatu vyako vipya mgonjwa asiye na viatu, ukarudi pekupeku. Hebu niambie ukweli, mwanamke kwa mwanamke. Inauma? Wanatia ganzi?

Naomba jibu kabla ya tarehe 15. Nakala ya barua hii ninayo.

Salamu sasa: hatujambo.

Wifi yako,
Karani

8 Machi

Karani wangu mwoga,

Hivi ni nani mwingine duniani anayemwandikia wifi yake "Yah"? Barua yako nimeifungua kwa kisu cha kukatia nyama, uzi ule ungefunga gunia.

Sasa nisikilize. Mimi nalisha wanafunzi mia sita mara tatu kwa siku. Nimeungua kwa mafuta, nimeangukiwa na mfuniko wa sufuria mguuni, nimezaa wanne na wa mwisho nilimzaa huku natoa maelekezo ya chakula cha mchana. Watoto hawakuniita Kamanda kwa sababu ya sura. Kipimo hicho ni sisimizi tu. Anakung'ata, unajikuna, unaondoka. Ganzi ya nini? Ganzi ni ya meno! Watakwambia ukohoe, na wewe kohoa. Ukikohoa, chuma kinapita bila wewe kujua. Mimi nilikohoa, nikaimba, nikaenda zangu.

Pamoja na barua hii nakutumia shuka la kijani, jipya kabisa. Nenda nalo, ujifunike, mashuka yao siyaamini. Ukimaliza liache pale pale kitandani. Usilirudishe nyumbani, usiseme limetoka kwa nani, mtu akitoa sadaka haipigii tarumbeta. Pindo nimelishona mwenyewe mara mbili kwa ajili ya uimara, usilifumue.

Na usiwasumbue wauguzi kwa kuwauliza mambo yangu. Wana kazi nyingi.

Wako asiyeogopa,
Kamanda

14 Machi

Wifi Kamanda,

Yah: Ufafanuzi

Shuka limefika, ahsante. Ninayo maswali mawili tu.

Umeandika kwamba ulikohoa na kuimba. Nimejaribu kufanya yote mawili hapa ofisini, haiwezekani. Mhasibu ameniletea maji na kuniuliza kama nimepaliwa. Pili, shuka jipya kabisa lina alama ya pasi na limepauka katikati.

Sitaki kukuchokonoa. Nilitaka tu kukuambia kwamba nimekusoma, nimekuheshimu, na ganzi nitaiomba hata hivyo. Nimekwisha kuandika ombi rasmi kwa mganga mfawidhi, nakala tatu. Ukisikia nimefukuzwa hospitali, ujue ni kwa sababu ya woga wangu na si kwa kukosa adabu.

Karani

20 Machi

Wifi,

Yah: Mengi

Naandika nimejilaza. Siumwi, ila Muuguzi Mkuu ameniambia nipumzike leo na mimi amri kama hizo huzitii haraka. Nitakueleza kwa utaratibu, na wewe usome hadi mwisho kabla hujatupa kitu chochote ukutani.

Nilifika saa mbili asubuhi. Chumba namba sita kina kitanda cha vishikio vya miguu, taa ya shingo ndefu, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe mpaka nusu. Lakini wewe unakijua. Muuguzi Mkuu ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Alisoma ombi langu mstari kwa mstari, kisha akalipeleka chumba cha pili wenzake nao wasome, nikasikia wanacheka. Akarudi akaniambia, "Mama, hapa ganzi haiombwi. Hapa kila mtu anapewa, asiyeitaka ndiye atuandikie."

Nikaona mambo yamenyooka. Nikatoa shuka lako. Akalipokea kwa shukrani, akaanza kulikunjua, vidole vikafika kwenye pindo vikasimama.

"Hili umelipata wapi?"

"Zawadi ya wifi yangu."

"Wifi yako ana sauti kubwa?"

"Kiasi."

"Ni mpishi?"

"Wa shule. Wanafunzi mia sita."

Akachukua mkasi. Wifi, nilitaka kumwambia kwamba umekataza, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo wangu. Ule uzi wako wa mara mbili ukaachia, na chini yake kukawa na mhuri wa wino mweusi: CHUMBA 6, LISITOKE NJE.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie na mkoba wangu. Yeye aliketi kwenye kiti cha daktari akacheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akafungua kabati na kutoa mfuko wenye jozi ya viatu vya kahawia, na kikaratasi cha tarehe ya mwaka jana. Akaniuliza kama navitambua. Nikasema nilisikia amepewa mgonjwa. Akacheka upya.

Ndipo akanisimulia. Siku ile walikuambia ukohoe, ukakohoa vizuri kabisa, jengo zima likasikia. Chuma kilipogusa tu, ulishuka kitandani kabla daktari hajajua umeshuka. Ukapita kwenye benchi za wagonjwa na shuka lao kiunoni, mguu niponye, na mlinzi wa getini akakupigia saluti kwa kudhani wewe ni mkaguzi.

Nilicheka, siwezi kukuficha. Nilivunjika mbavu. Lakini sikiliza kilichofuata. Daktari alisema siku ile kwamba wewe ni wa kwanza kulalamika katika miaka yake yote, kwa hiyo kosa ni lako. Muuguzi Mkuu akamjibu, "Hakulalamika, daktari. Amekimbia." Akatoka hadi kwenye benchi, akawauliza wanawake kumi na wawili waliokwisha kufanyiwa, mmoja mmoja. Kumi na mmoja walisema iliwauma sana, wakanyamaza ili wasiitwe wadekaji. Wa kumi na mbili alisema hataki kulizungumza. Tangu mwezi ule kila mwanamke anachomwa ganzi kwanza. Wauguzi wanaiita sindano ya Mama Shuka. Wewe ndiye Mama Shuka, Wifi.

Na inafanya kazi. Nitakuambia ukweli kama nilivyoutaka kwako. Sindano yenyewe nilihisi, mchomo mmoja mkali, nikasema neno ambalo karani hasemi. Wakasubiri dakika chache, saa ya ukutani niliiona. Kisha kulikuwa na kuvutwa kidogo, kama mtu anayekuvuta nguo umsikilize, na kazi ikaisha. Jioni tumbo lilininyonga kidogo, kama siku zangu za mwezi. Basi.

Sasa lile ambalo halinichekeshi. Katika daftari lao, mbele ya jina lako, kuna mstari wa wino mwekundu: Kipimo hakikufanyika. Walikuandikia mara mbili, walipiga simu, haikupokewa. Ni miezi kumi na moja. Baka lako lilionekana kabla ya langu, na hakuna mtu yeyote anayejua ni la nini. Umetukalisha sebuleni tunapiga makofi kwa kipimo ambacho hakikufanyika!

Nimekukasirikia sana. Nilikasirika hadi nikalia kwenye ngazi za hospitali, watu wakadhani nimepata majibu mabaya. Muuguzi Mkuu amekupa nafasi tarehe 3 Aprili. Njoo.

Karani

25 Machi

Karani,

Barua imefika. Huku wiki hii ni mtihani, wanafunzi wanakula mara mbili ya kawaida. Jiko la tatu limepasuka bomba. Msaidizi wangu wa mboga amejikata kidole. Mwalimu wa zamu amelalamika kwamba maharage ni magumu, nikampa mwiko apike yeye, akaondoka. Mvua imekataa kunyesha. Nafasi ya kuandika sina, na nafasi ya kusafiri ndiyo kabisa.

Kamanda

Viatu havijaliwa na panya?

27 Machi

Wifi,

Yah: Tarehe 3 Aprili

Viatu vizima. Havitumwi kwa gari la magazeti, vinafuatwa na mwenyewe.

Siri yako haijatoka kwangu. Mume wangu ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu jikoni kisha nalia, nikamwambia ni rangi ya ukutani inaniingia machoni. Sitakusema kwake. Sitakusema kwa mtu. Lakini siwezi kukaa na barua zako kabatini nikijua nilinyamaza huku wewe unasingizia bomba la jiko. Nakupenda, mama wee. Nilipoolewa katika nyumba hii, wewe peke yako ndiye uliyenionyesha chumvi iko wapi na nani asichokozwe asubuhi. Sitaki kukuzika kwa sababu ya aibu.

Mwambie mkuu wa shule una homa. Hata barua ya kuombea ruhusa nimeiambatanisha, weka sahihi tu.

Karani

30 Machi

Wifi yangu,

Haikuwa sisimizi.

Nimeandika mstari huo nikauangalia muda mrefu. Wasaidizi wangu wanapepeta mchele nje, wanadhani naandika orodha ya vyakula.

Walisema kohoa, nikakohoa. Kile chuma kilinibana, na yule daktari akasema, "Tulia, huko hakuna hisia." Wifi, huko kuna hisia. Sikuamua kukimbia. Nilijikuta nipo kwenye korido, na korido imejaa watu, na nikaona kurudi chumbani ni aibu kuliko kuendelea mbele.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje kwenye kituo, amebeba chungwa langu. Shuka nilikwisha kulisokomeza kwenye kapu. Uso wake ulikuwa umemparara. Wewe hukumkuta mama yetu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyomchukua, sisi wawili ndio tuliomwuguza, na yeye alikuwa na miaka kumi na minne tu. Aliponiona aliuliza, "Dada, imekuwaje?" kwa sauti ile ile ya siku mama alipotutoka. Ningemwambia nini? Nikasema, "Nimeimba!" Akacheka, Wifi. Akacheka hadi akakaa chini. Akaangalia miguu yangu, nikasema viatu nimegawa. Kufika nyumbani hadithi ilikuwa imeshaota miguu yake yenyewe, na kila alipoisimulia nilishindwa kumnyang'anya.

Kisha nikaanza kuiamini mwenyewe. Mtu akikusifia kipimo miezi kumi na moja, unasahau kwamba hukupimwa. Unakumbuka tu usipokuwa na kazi, ndiyo maana najitafutia kazi.

Lakini kuna kimoja sijisamehe. Ulinitumia barua unaogopa, na mimi nikakwambia ganzi ni ya meno. Nilitaka ukalale pale bila sindano, mahali ambapo mimi nilishindwa kulala, ili tu hadithi yangu isimame. Ungenisikiliza ingekuwaje? Nisamehe.

Barua ya ruhusa nimeiwekea sahihi, ingawa umeandika kwamba nina homa ya vipindi na mimi sijui ni vipindi gani. Nakuja. Ila nishike mkono hadi mlangoni, na ukiona nageuka, nisukume.

Kamanda (kwa leo, kwa jina tu)

6 Aprili

Karani wangu,

Mimi nimefika salama. Ulikaa nje ya mlango ukashika mkoba wangu kwa mikono miwili kama umetekwa, kwa hiyo ya ndani huyajui. Nakupa.

Kwanza, waliingia wauguzi watano, hakuna hata mmoja mwenye kazi mle. Walikuja kumwona Mama Shuka. Mmoja alinishukuru kwa sababu dada yake alifanyiwa mwezi uliopita kwa ganzi. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nimesifiwa maisha yangu yote kwa mambo niliyoyafanya na mengine sikuyafanya, ila kusifiwa kwa kukimbia sikuwahi.

Daktari ni yule yule. Aliniangalia akaangalia sakafu, akasema, "Mama, siku ile nilikuambia hakuna hisia. Nilikosea." Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu kwenye basi, makali, ya kumkata mtu vipande viwili. Yakaniishia. Nikamwambia achome sindano kabla sijabadili mawazo.

Sindano nilihisi. Nilimfinya Muuguzi Mkuu mkono hadi akaniomba nimwachie wa kuandikia. Kisha wakasubiri, mimi nikaanza kuhesabu magunia ya stoo kichwani, unga kumi na nane, mchele kumi na moja. Nilipofika kwenye sukari nikauliza, "Mnaanza lini?" Daktari akasema, "Tumemaliza, mama." Nikabishana naye! Nikamwambia asinidanganye, akanionyesha kichupa. Kile kinyama ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Nililia pale kitandani, na haikuwa kwa maumivu. Ni hasira. Miezi kumi na moja nimebeba jambo la robo saa.

Sasa nina ombi, na najua wewe maombi unayapenda. Majibu yanatoka tarehe 24. Ujasiri niliokuwa nao umeishia chumba namba sita, haukubaki wa kwenda kusikiliza majibu. Muuguzi Mkuu amekubali akusomee wewe, nikiandika idhini. Hii hapa: Mimi mpishi mkuu ninamruhusu wifi yangu karani kusikia kila kitu kinachonihusu, kizuri na kibaya, na kuniandikia bila kunitilia sukari. Nimeweka dole gumba na mhuri wa stoo, ili wasiseme haijakamilika.

Kamanda

24 Aprili

Wifi,

Si saratani.

Nimeliandika mwanzo kabisa, juu ya kila kitu, usije ukalitafuta katikati ya maneno yangu. Si saratani. Rudia mara nyingi utakavyo, mimi hapa kwenye benchi nimelirudia hadi jirani yangu akanipongeza.

Umesema nisitie sukari, kwa hiyo na haya yasome. Lile baka limeanza kubadilika. Ni hatua ya mwanzo, kabla ya ugonjwa wenyewe, na kama lingeachwa lingeweza kufika huko. Nilimwuliza daktari lingechukua muda gani. Akasema hakuna anayejua, huenda miaka, huenda halingefika, ila yeye asingependa kusubiri aone. Wanaliondoa tarehe 2 Mei, siku moja, unarudi nyumbani siku ile ile, kisha watakuwa wanakuangalia kila baada ya muda. Na ganzi ipo. Nilihakikisha hilo kabla sijauliza lingine lolote.

Kuna jambo nami nilikuficha. Majibu yangu yalitoka wiki mbili zilizopita, ni safi. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kufurahi kabla yako. Leo nafurahia yote mawili kwa mpigo.

Sijaweka "Yah". Nimesahau.

Karani

27 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nilisoma mstari wa kwanza nimesimama mbele ya sufuria ya ugali, nikakaa juu ya gunia, nikalia kwa sauti. Ugali wa wanafunzi mia sita ukaungua. Haijawahi kutokea tangu niajiriwe, na mwalimu wa zamu alipokuja kulalamika nilimkumbatia, akaondoka mbio.

Kisha nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwambia yote, tangu shuka hadi chungwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikia jambo asilirudie kwa sauti. Akasema, "Dada, ungeniambia tu unaogopa, tungeogopa wote." Tarehe 2 yuko nami, amesema hata wakimfungia nje.

Wasaidizi wangu wa jikoni walikuwa wamenizunguka, wanataka kujua nani amekufa. Miaka yote nimewaambia wanawake hawa kwamba vipimo ni mambo ya watu laini. Nikawaambia ukweli pale pale, ugali unanuka, kwamba nilikimbia, kwamba iliniuma, kwamba nilidanganya, na kwamba sasa kuna sindano. Walicheka, tena sana, nikawaacha wacheke. Kisha yule wa mboga akasema yeye hajawahi kupimwa. Na wa pili. Nikahesabu, wanane wote hawajawahi, na wote walikuwa wanasubiri wawe na moyo kama wangu kwanza.

Mkuu wa shule ametupa gari. Wao wanakwenda kwenye siki, mimi chumba namba sita. Mwambie Muuguzi Mkuu tunakuja tisa, na sote tisa ni waoga.

Wifi yako